Jamaa aliyefilisika mara mbili kabla ya kutuwekea redio kwenye gari

Binamu yangu huendesha teksi ya app hapa Nairobi. Gari lake ni Toyota lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na redio iliyokuja nalo ilikuwa na herufi tatu ambazo hakuna mtu alikuwa ametuelezea: ASL. Siku moja tukaziwasha tu, kwa sababu ya udaku. Tukashika Thika Road. Baada ya Muthaiga gari likachangamka, na sauti ya redio ikaanza kupanda yenyewe, polepole kiasi kwamba ulikuwa unajua tu kwamba bado unasikia kila neno. Tulipofika Roysambu tukakuta jam, na sauti ikashuka tena bila mtu kugusa kitu. Tulicheka kama watoto.

Halafu binamu akapata pesa kidogo, akaamua gari linahitaji skrini kubwa ya Android. Fundi mmoja wa mtaani akaing'oa ile redio ya zamani na kuweka hiyo mpya. Inang'aa kweli, ina ramani, ina video. Lakini mambo mawili yalitokea. Kwanza, sauti ikakwama pale pale, hata ukiwa unapaa. Pili, kukaingia mluzi mwembamba ndani ya spika. Ukikanyaga mafuta, unapanda. Ukiachilia, unashuka. Yaani sauti ya redio ndiyo ilikuwa inafuata spidi, sasa ni kelele inayofuata injini.

Nilipoanza kusoma kwa nini gari hupiga mluzi ndani ya redio, nikaangukia maisha ya mzee mmoja aliyekufa mwaka 1959, Paul Galvin. Jina lake huenda hulijui. Jina la bidhaa yake unalijua: Motorola. Na kama ulizaliwa miaka ya tisini, huenda simu ya kwanza ya mama yako ilikuwa Motorola C113, ile ndogo ngumu ya kupigwa chini na kuokotwa.

Galvin alizaliwa Juni 1895 huko Harvard. Usishtuke, si kile chuo. Ni mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani, wa wakulima na reli. Treni zilisimama pale, na Paul akiwa bado mvulana alikuwa anauzia abiria bisi dirishani. Ukitaka picha yake, fikiria vijana wanaokimbilia basi la masafa marefu na maji na njugu pale linaposimama. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Illinois, akakaa miaka miwili hivi, akatoka bila shahada. Sitajifanya kwamba sehemu hiyo niliisoma kwa utulivu. Mimi pia niliacha chuo mwaka wa pili, na nikiona mtu maarufu aliyeacha hupenda kusoma haraka nifike pale alipotajirika. Kwa Galvin utasubiri sana.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukua, akawa afisa wa mizinga Ufaransa. Aliporudi akaingia kazi ya betri. Mwaka 1921 yeye na rafiki yake wa utotoni, Edward Stewart, wakafungua kiwanda cha betri mji wa Marshfield, Wisconsin. Kufikia 1923 kilikuwa kimekufa, na serikali ndiyo iliyokifunga kwa sababu ya deni la kodi. Galvin alikuwa na mke, Lillian, na mtoto mchanga, Robert. Akarudi Chicago kutafuta kibarua, na akaajiriwa kama katibu wa Emil Brach, tajiri wa peremende. Mtu aliyekuwa na kiwanda chake jana, leo anapangia mwingine ratiba na barua.

Mwaka 1926 Stewart akamwita tena, biashara ileile ya betri, mara hii Chicago. Mwaka 1928 hiyo nayo ikaanguka.

Hapa ndipo watu wa motisha hukimbia. Wanakwambia alianguka mara mbili, akainuka mara ya tatu, haya pigeni makofi. Lakini angalia alichofanya hasa, maana kina akili zaidi ya hiyo. Kiwanda kilipopigwa mnada, Galvin hakujaribu kuokoa kila kitu. Kulikuwa na kifaa kimoja alichoona bado kina uhai: kisanduku kilichofanya redio za nyumbani za wakati ule, zilizokuwa zikitumia betri, zitumie umeme wa ukutani. Akatafuta pesa, akaenda kwenye mnada wa kampuni yake mwenyewe, akanunua sehemu hiyo kwa dola 750. Septemba 1928 yeye na mdogo wake Joseph wakaanzisha Galvin Manufacturing Corporation kwenye jengo la kukodi mtaa wa Harrison, Chicago. Wafanyakazi watano.

Na tayari alijua kifaa hicho kingekufa. Redio mpya zilikuwa zinatengenezwa na waya wa kuchomeka ukutani moja kwa moja, kwa hivyo ni nani angenunua kisanduku? Wakaanza kutengeneza redio zenyewe, zikiuzwa kwa majina ya maduka mengine. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka. Maduka yakarudisha oda, wenye stoo wakatupa redio kwa bei ya jioni. Kampuni yenye mwaka mmoja ikawa inahesabu wiki.

Wazo la redio ya gari si lake. Hili lazima lisemwe, kwa sababu mtandaoni utaona akiitwa mvumbuzi wa redio ya gari. Watu walikuwa wameshaweka redio kwenye magari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini zilikuwa ghali, kila moja ikipachikwa kivyake kama suti ya kushonewa. Galvin aliuliza swali la mtu wa biashara: je, inaweza kutengenezwa moja, ikawekwa kwenye gari lolote, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuikaribia?

Yeye si mhandisi. Aliokuwa nao ni vijana. Mmoja alikuwa William Lear, fundi wa redio aliyekuwa na karakana yake katika jengo hilohilo. Ndiye Lear yule ambaye baadaye ndege za matajiri zilipewa jina lake. Mwingine ni Elmer Wavering, kijana aliyetoka mji wa Quincy kama Lear. Galvin akawapa gari lake mwenyewe, Studebaker, walitoboe.

Sasa turudi kwenye ule mluzi wa binamu.

Redio ya sebuleni ina raha, imekaa kimya mezani. Gari ni kiwanda cha kelele, na kelele zenyewe ni za aina mbili. Kuna zile za masikioni: injini, lami, upepo. Halafu kuna kelele za umeme, ambazo sikio halizisikii ila redio inazisikia. Kila plagi ya injini ikipiga cheche, cheche hiyo inarusha mawimbi hewani. Yaani kila plagi ni kituo kidogo cha redio kinachotangaza kitu kimoja tu: tak, tak, tak. Dainamo nayo inatoa mluzi wake. Redio ya gari, yenye antena iliyo mita moja tu kutoka kwenye injini, inashika hizo kelele kabla hata ya kushika kituo cha mjini. Ukiongeza mafuta, cheche zinakuwa nyingi na kelele inapanda. Wale vijana waliwasha redio na kusikia injini.

Dawa yake ilikuwa kazi ya mkono, si uchawi. Waliweka vizuizi vya umeme kwenye nyaya za plagi. Waliweka kapasita kwenye dainamo ili imeze mluzi. Walifunika redio kwa boksi la chuma na kuunga nyaya za ethi vizuri kwenye bodi. Jaribu moja, endesha, sikiliza, rudi, fungua, badilisha. Mambo hayahaya ndiyo fundi wa leo anayefanya kazi vizuri hufanya, na yule wa binamu yangu hakuyafanya.

Kulikuwa na shida nyingine za kuchekesha ukiwa mbali nazo. Valvu za redio zilitaka umeme wa juu kuliko volti 6 za betri ya gari, kwa hivyo betri za ziada zilifichwa chini ya sakafu. Antena ilikuwa wavu wa waya ulioshonwa ndani ya paa, maana mapaa mengi yalikuwa ya kitambaa. Kuweka redio moja kulichukua siku nzima, wakati mwingine zaidi, na gari lilitobolewa hapa na pale. Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Galvin alipokwenda benki kuomba mkopo aliwafanya vijana wake waweke redio kwenye Packard ya mwenye benki ili kumlainisha. Muda mfupi baada ya mzee kuondoka na gari, likashika moto. Mkopo ukawa majivu.

Juni 1930 wauzaji wa redio wa Marekani walikuwa na mkutano wao Atlantic City, mji wa pwani. Galvin hakuwa na pesa za kulipia kibanda ndani ya maonyesho. Akaendesha ile Studebaker kutoka Chicago, zaidi ya kilomita elfu moja, akaiegesha nje karibu na mlango, akafungulia sauti mpaka mwisho. Kila muuzaji aliyepita akasimama. Ukiona matatu imeegeshwa stejini Rongai ikipiga muziki na konda hata hahitaji kuita abiria, mbinu ni ileile, ina zaidi ya miaka tisini. Alirudi na oda, chache, lakini za kutosha kampuni isife. Redio ile waliiita Motorola: motor kwa sababu ya gari, na ola kwa sababu ndiyo iliyokuwa fasheni ya majina ya vyombo vya muziki wakati ule.

Bei ilikuwa karibu dola 110 hadi 130. Weka hiyo kando ya gari: Ford Model A mpya ungeipata kwa dola 500 hivi. Ni kama umenunua Probox halafu uambiwe redio ni robo ya bei yake. Na hii ni katikati ya Mdororo Mkuu, watu wanapanga foleni ya supu. Mwaka huo kampuni ilifunga hesabu ikiwa na hasara. Juu ya hayo, watu wengine walikuwa wanapiga kelele kwamba redio itawafanya madereva wasinzie au wakose makini. Massachusetts na St. Louis kulikuwa hata na pendekezo la kuipiga marufuku. Huu mjadala wetu wa muziki wa matatu una babu yake.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa sauti nzuri zaidi. Ilikuwa ni nani anaweza kuiweka. Galvin alielewa kwamba redio ikiwekwa vibaya, mteja hatamlaumu fundi, atailaumu Motorola. Kwa hivyo Wavering na wenzake wakawa wanafundisha mafundi namna ya kufunga redio na kuua kelele. Kisha kampuni ikakubaliana na B.F. Goodrich, watu wa matairi, redio ziuzwe na kufungwa kwenye maduka yao. Kufikia 1934 ungeweza kuwekewa kwa dola 55, pamoja na kazi. Zile betri za chini ya sakafu nazo zikaondoka, kwa sababu kifaa kiitwacho vaibreta kiliweza kutoa umeme wa juu kutoka betri ya gari lenyewe.

Kwenye sauti kulikuwa na tatizo moja lililobaki. Gari linatembea. Ukisogea kutoka kituo cha redio, sauti inafifia. Ukitokea mahali mawimbi yana nguvu, inakulipukia usoni. Kwa bahati, karibu mwaka 1926, kijana mwingine wa Kimarekani, Harold Wheeler, alikuwa amebuni saketi inayopunguza au kuongeza nguvu ya redio yenyewe kulingana na wimbi linaloingia. Kwenye redio ya mezani ilikuwa starehe. Kwenye gari ikawa lazima. Huyo ndiye babu wa ASL kwenye ile Toyota, ingawa mjukuu anafanya kazi tofauti kidogo. Saketi ya Wheeler inaangalia nguvu ya kituo. Ile ya leo inaangalia kelele za safari. Gari lina kihisi kinachotuma mapigo ya umeme kadiri linavyokwenda. Redio inahesabu mapigo, yakiwa mengi inaongeza sauti hatua kwa hatua, yakipungua inashusha. Mifumo mingine huweka maikrofoni ndogo ndani isikilize kelele yenyewe. Sababu ni kwamba upepo na matairi havipandi kwa upole: ukitoka spidi ya 50 hadi 100, kelele ya upepo haiwi mara mbili tu, inaruka zaidi ya hapo, na kitu cha kwanza kinachozama ni maneno ya mtangazaji. Galvin hakuiona teknolojia hiyo. Alichofanya ni kuiachia gari lenye redio safi ya kutosha kwamba mtu angeanza kulalamikia upepo badala ya plagi.

Mwaka 1936 alikuwa na pesa za kupeleka familia likizo Ulaya. Alichokiona Ujerumani kilimshtua. Alirudi akiamini vita vinakuja. Kampuni yake ilikuwa tayari imeanza kutengeneza redio za magari ya polisi, na polisi hataki muziki, anataka kusikia neno moja kwa usahihi huku king'ora kinalia. Ujuzi huo ukapanda cheo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakatoa Handie-Talkie, redio ya kushikwa mkononi, na zaidi ya laki moja zikaingia vitani. Mwaka 1943, chini ya mhandisi Daniel Noble, ikaja ile ya kubebwa mgongoni, SCR-300, iliyotumia FM kwa sababu FM huvumilia kelele za umeme kuliko AM. Unaona ni vita vilevile, ila sasa si vya mtu kusikia muziki.

Katikati ya hayo yote, Oktoba 1942, Lillian aliuawa nyumbani kwao Evanston, nje ya Chicago, pamoja na mfanyakazi wa nyumba. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Nimesoma maandishi mengi ya kumsifu Galvin ambayo yanaruka hapo kama mtu anayeruka shimo, kutoka Handie-Talkie moja kwa moja hadi televisheni. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga mikononi kiwanda cha Marshfield kilipofungwa. Alipitia miaka yote ya msoto, na miaka ya raha alionja michache tu. Galvin alirudi kazini. Mwaka 1945 alioa tena.

Yaliyofuata ni mafanikio, na mafanikio husimulika haraka. Mwaka 1947 kampuni ikaacha jina la familia, ikawa Motorola. Mwaka huohuo ikaweka mpango wa kugawia wafanyakazi sehemu ya faida, jambo ambalo mimi ningelitaja kabla ya televisheni waliyoiuza kwa chini ya dola 200. Mwaka 1949 Noble akafunguliwa maabara Phoenix, Arizona, iliyoingia kwenye transista mapema. Mwaka 1956 yule mtoto wa Marshfield, Robert, akawa rais wa kampuni. Paul Galvin alikufa kwa saratani ya damu Novemba 1959, akiwa na miaka 64. Miaka 14 baadaye, mtu wa Motorola, Martin Cooper, alisimama barabarani New York akapiga simu ya mkononi.

Nilimsomea binamu haya yote tukiwa tumekwama Githurai. Alichouliza ni kimoja tu: huyo mzee alisema ethi ifungwe wapi?

Wiki iliyofuata akarudi kwa mafundi, mwingine safari hii, mama mmoja anayefanya umeme wa magari na asiyependa maneno mengi. Akaitoa skrini, akakuta waya wa ethi umefungwa kwenye skrubu iliyoshika plastiki na rangi tu. Akakwangua, akaupeleka kwenye chuma cha bodi, akawasha injini, akakanyaga mafuta. Kimya. Kuhusu sauti kupanda yenyewe, akatuonyesha waya mmoja uliokatwa na kuachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi. Huo ndio ulikuwa unaleta spidi. Akasema skrini hii haina mahali pa kuuchomeka.

Kwa hivyo sasa tukipita Muthaiga binamu huongeza sauti kwa mkono, na tukifika Roysambu mimi ndiye huipunguza.